Picha ya kituo cha gari la moshi cha Ngome Kongwe: niisafishe au niiache?

«Assalaam alaykum. Nyumbani kwetu Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe hapa Unguja, tuna picha kubwa ya rangi za mafuta aliyotuachia babu, ambaye alikuwa karani bandarini. Inaonyesha kituo cha gari la moshi la Bububu pale Ngome Kongwe: kichwa cha treni kinatoa moshi, watu wamekaa juu ya mizigo yao, na nyuma yao ipo Beit el-Ajaib, lile jumba la masultani, pamoja na mnara mweupe uliosimama peke yake mbele ya jumba, ukiwa na nafasi baina yake na baraza. Masika haya dari ilivuja. Sasa pembe ya chini ya picha ina vidoto vyeupe kama unga, kitambaa kimelegea na kufanya tumbo, na pale penye moshi wa treni rangi imeanza kuinuka kama magamba. Fundi wa fremu ameniambia niilowanishe nyuma kwa maji ili ikaze, kisha niipake mafuta ya nazi. Jirani anasema niisugue kwa kiazi kibichi. Mwenye duka la vitu vya kale anataka kuinunua. Anasema ni ya mwaka 1906, ila kwanza isafishwe na karatasi kuukuu iliyobandikwa nyuma iondolewe. Mjomba anataka tuuze. Mimi naogopa, kwa sababu shangazi anasema hiyo ndiyo picha pekee ya kituo kile tuliyo nayo. Je, kweli ni ya wakati huo? Niisafishe vipi, na niitundike wapi?»

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Umeuliza mambo matatu, nami nitayajibu yote, lakini uliloligusa kwa maneno machache tu ndilo linalonitia wasiwasi zaidi ya mengine, nalo ni ile rangi inayoinuka kama magamba. Vumbi linaweza kusubiri mwaka mzima, na hata vidoto vyeupe vinaweza kusubiri wiki kadhaa vikidhibitiwa. Gamba la rangi likianguka na kufagiwa na ufagio wa asubuhi halirudi tena. Kwa hiyo kabla hujasoma zaidi, mwite mtu mmoja akusaidie, iteremsheni picha polepole bila kuigeuza kifudifudi, muilaze juu ya meza au kitanda uso wake ukitazama juu, katika chumba kikavu kisichopigwa na jua, mbali na ukuta uliolowa. Isifunikwe kwa nailoni wala kwa kanga, kwa sababu nailoni hufungia unyevu ndani na nyuzi za kanga hunasa ncha za rangi iliyoinuka. Kipande chochote kilichokwisha kuanguka kiokote kwa ncha ya karatasi, ukiweke ndani ya bahasha na uandike juu yake kilianguka sehemu gani ya picha. Mhifadhi, yaani fundi wa kutunza na kutengeneza picha za kale, anaweza kukirudisha mahali pake, hata kikiwa kidogo kama punje ya mtama.

Ili uelewe kwa nini nakukataza ushauri wa fundi wa fremu, ambao najua ameutoa kwa nia njema, inafaa ujue picha ya rangi za mafuta imejengwa vipi. Usiifikirie kuwa ni kitambaa kilichopakwa rangi tu. Kwanza kuna turubai, kwa kawaida la kitani au pamba, lililopigiwa misumari juu ya kiunzi cha mbao. Juu ya turubai kuna gundi, mara nyingi ya ngozi za wanyama, iliyopakwa ili mafuta yasiozeshe nyuzi. Juu ya gundi kuna rangi ya msingi, nyeupe au ya kijivu, kisha rangi zenyewe za mchoraji, tabaka moja au matano, na mwisho vanishi. Kila tabaka lina tabia yake unyevu unapopanda na kushuka. Gundi ikipata unyevu hulainika na kulegea, ndiyo sababu picha yako imefanya tumbo. Mtu akiliona tumbo hilo hudhani turubai limetanuka, akataka kulikaza.

Maji ni kweli hulikaza turubai, na ndiyo maana mafundi wengi wanayaamini. Ila tazama yanavyolikaza. Uzi ukinywa maji hunenepa. Na kwa kuwa katika mfumo wa turubai kila uzi unapita juu na chini ya wenzake, uzi ulionenepa hulazimika kujipinda zaidi, na kwa kujipinda huwa mfupi. Turubai lote husinyaa kwa ghafla. Rangi ya mafuta iliyokauka kwa miaka mingi haiwezi kusinyaa pamoja nalo, kwa hiyo husukumana yenyewe kwa yenyewe, huinuka katikati kama paa la hema, kisha huvunjika. Yaani kulowanisha nyuma kutakaza tumbo kwa siku mbili na kuzidisha magamba kwa miaka yote iliyobaki. Nina yakini kwamba lililotokea dari ilipovuja ni hilohilo kwa kiasi kidogo: maji yaliteremka nyuma ya picha, turubai likasinyaa pale lilipolowa, na rangi ikaachia mahali iliposhika kwa udhaifu zaidi.

Huenda unajiuliza kwa nini imeachia kwenye moshi, wala si kwenye anga au kwenye nguo za abiria. Moshi wa treni huchorwa kwa weupe mzito unaowekwa juu ya rangi za giza zilizokwisha kutangulia, na mara nyingi mchoraji hurudi kuuongeza baada ya siku kadhaa, rangi za chini zikiwa zimeshaanza kukauka. Ikiwa weupe huo ni wa zinki, ambao wachoraji wengi waliutumia tangu karne ya 19, basi tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu weupe wa zinki uliochanganywa na mafuta hugumuka na kuwa mkavu kama ganda la yai, na hupenda kujitenga na tabaka lililo chini yake. Sijaiona picha yako, lakini moshi wa treni ndiyo sehemu ambayo ningeitazama kwanza hata kama usingeniambia.

Mafuta ya nazi nayo hayana nafasi hapa. Mafuta ya kitani, ambayo wachoraji huchanganyia rangi, hukauka na kuwa ngozi ngumu. Mafuta ya nazi hayakauki kamwe. Yatakaa ndani ya nyuzi, yatachacha, yatashika vumbi, yatatia giza rangi kutoka nyuma, na siku mhifadhi atakapotaka kubandika gamba la rangi, gundi yake haitashika juu ya mafuta. Kiazi kibichi ni ushauri wa zamani sana na unapatikana katika nchi nyingi. Unaonekana kufanya kazi kwa sababu majimaji yake huondoa vumbi la juu. Lakini huacha wanga, na wanga ni chakula cha kuvu na wadudu. Katika nchi kavu madhara yake huchukua muda kuonekana. Kwetu Unguja, ambako unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, utakuwa umeiandalia kuvu karamu. Mkate, kitunguu, ndimu na sabuni ya unga vyote ninaviweka katika kundi hilohilo.

Niliwahi kuletewa picha ya majahazi iliyooshwa kwa sabuni na mtu aliyeipenda kwa dhati. Anga lilikuwa limebaki jeupe tupu, na jina la mchoraji halikuwepo tena. Wachoraji wengi hutia saini mwisho kabisa, kwa rangi nyembamba, wakati mwingine hata juu ya vanishi, kwa hiyo saini huwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kuondoka. Yule bwana hakuwa mzembe. Hakuna aliyemwambia tu. Ndiyo sababu najibu swali lako kwa urefu.

Sasa vidoto vyeupe. Usikimbilie kusema ni kuvu. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na maji yakipita ndani ya dari na kuta hizo hubeba chumvi. Yakikauka huiacha chumvi juu ya kitu chochote yalichokigusa. Chukua kioo cha kukuzia na tochi, utazame bila kugusa. Chumvi ina punje ngumu zinazometameta kama sukari. Kuvu ina manyoya laini, hutawanyika kwa duara, na mara nyingi ina harufu ya shimo la maji lililofungwa. Kama ni kuvu, iliota kwa sababu unyevu ulikaa juu ya asilimia 65 au 70 kwa siku nyingi katika hewa isiyotembea, na itaacha kukua hewa ikikauka na kusogea. Itakuwa imelala, haijafa, na masika yajayo itaamka ikipata nafasi.

Kwa hali zote mbili tiba ya mwanzo ni moja, yaani kukausha polepole. Iache picha imelala katika chumba chenye madirisha yanayopitisha hewa kwa wiki moja au mbili. Feni iwepo chumbani lakini ielekezwe ukutani, isiipige picha moja kwa moja. Usiitoe juani hata kwa nusu saa, wala usiweke pasi au taa ya joto karibu, kwa kuwa ukaushaji wa haraka huifanya rangi ivutike na kukatika. Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku ni kibaya kuliko kutokuwa na kiyoyozi, maana huifanya picha ipande na kushuka kila siku kama maji ya bahari. Baada ya kukauka, mahali ambapo rangi imeshika imara tu, unaweza kufagia unga huo kwa brashi laini ya rangi za maji, nje ya nyumba, ukiwa umeziba pua na mdomo kwa barakoa, na watoto na mwenye pumu wakiwa mbali. Mahali penye magamba usiguse hata kwa unyoya wa kuku.

Nije kwenye swali la umri, ambalo nimelisubiri kwa hamu, kwa sababu katika maelezo yako umetoa ushahidi mzito bila kujua. Unguja imepata kuwa na reli mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Sultani Barghash, iliyojengwa mwaka 1879 kutoka jumba lake mjini hadi kasri lake la Chukwani; mabehewa yalivutwa kwanza na nyumbu, kisha akaagiza kichwa kidogo cha mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza, na alipofariki mwaka 1888 reli ile ikafa pamoja naye. Ile haikuwa ya abiria wa kawaida wenye mizigo. Ya pili ndiyo ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney na kuanza kazi mwaka 1905, ikienda takriban maili 7, yaani kilomita 11 hivi, kutoka karibu na Ngome Kongwe kupitia vichochoro vya mji hadi kijijini Bububu. Ilikuwa na behewa la daraja la kwanza kwa ajili ya wageni walioshuka melini wakitaka kuona mashamba, na ilijulikana pia kwa cheche zake zilizowasha moto mali za watu kando ya njia. Serikali iliinunua mwaka 1911. Abiria walikoma kupanda mwaka 1922, barabara na magari vilipochukua nafasi yake, na hadi kufika mwaka 1930 reli zenyewe zilikuwa zimeng'olewa. Watu wenye mizigo katika picha yenu, basi, ni abiria wa Bububu, na hapo shangazi yuko sahihi.

Lakini tazama ule mnara. Umesema umesimama peke yake mbele ya Beit el-Ajaib, na kuna nafasi baina yake na baraza. Mnara wa namna hiyo ulikuwepo kweli; ulikuwa mnara wa taa, ulioongoza vyombo bandarini. Ila uliharibiwa vibaya na mizinga ya manowari za Kiingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vile vilivyodumu chini ya saa moja, ukabomolewa. Baada ya hapo ndipo ulipojengwa mnara mwingine, wa saa, huu ukiwa umeshikana na uso wa Beit el-Ajaib yenyewe, na ndio tulioujua sote hadi sehemu ya jumba hilo ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Gari la Bububu lilianza miaka tisa baada ya mnara wa taa kuondoka. Hakuna jicho la mwanadamu lililopata kuviona viwili hivyo kwa pamoja.

Kabla ya kuhukumu, rudi uitazame tena. Simama mbali, kisha uangalie mguu wa mnara: je, unafika chini hadi mchangani, au unapotea nyuma ya baraza la mbele la jumba? Kama unapotea, huenda ni mnara wa saa wa baada ya 1896 uliochorwa kwa pembe inayodanganya macho, na picha ikaendelea kukubaliana na mwaka 1906. Kama kweli unafika chini na una nafasi pande zote, basi mchoraji hakuwa amekaa Forodhani, pale ufukweni mbele ya ngome, na turubai lake mbele ya treni. Alikuwa na picha za kamera mbele yake, walau mbili za nyakati tofauti, akaziunganisha. Picha hizo hazikuwa adimu: studio za mjini kama ya A. C. Gomes na ya ndugu wa Coutinho ziliuza kadi za posta za mandhari ya Unguja kwa wasafiri, na karani wa bandari angeweza kuzikuta kwa urahisi.

Nakuomba usiichukulie habari hii kuwa ni aibu ya picha. Kuchora treni kwa msaada wa kamera ni kazi iliyofanywa na mabingwa. William Powell Frith, alipochora kituo cha Paddington cha London mwaka 1862 pamoja na umati wake mkubwa, alimtumia mpiga picha Samuel Fry ampigie treni, kwa sababu treni haikai tuli kumsubiri mchoraji. Tena mimi naona kwamba mtu aliyeuweka mnara ulioharibiwa 1896 na treni iliyoanza 1905 katika uwanja mmoja huenda alikuwa akiuchora mji alioukumbuka, au aliosimuliwa na wazee wake, kuliko mji wa siku moja maalumu. Picha ya namna hiyo inatuambia mji ulivyobaki vichwani mwa watu baada ya vitu hivyo kuondoka, na kwangu hilo lina thamani kubwa. Lakini ni kitu tofauti na shahidi aliyekuwepo, na mnunuzi anayesema mwaka 1906 kwa yakini hivyo anapaswa kuulizwa ameupata wapi mwaka huo.

Rangi zenyewe nazo zinasema. Weupe wa titani haukuingia katika rangi za wachoraji ila kuanzia karibu mwaka 1920, na buluu ile kali ya thalosayanini ilianza kuuzwa mwaka 1935. Ikipatikana mojawapo katika anga au bahari ya picha yenu, chini kabisa na si katika marekebisho ya baadaye, basi mwaka 1906 hauwezekani tena. Kutambua hivyo kunahitaji maabara, lakini kuna jambo dogo unaloweza kulifanya mwenyewe. Azima ile tochi ya mwanga wa zambarau ambayo wafanyabiashara hukagulia noti, zima taa usiku, na uimulike picha kwa umbali wa mkono mmoja. Weupe wa zinki hung'aa kwa rangi ya manjano yenye ukijani. Vanishi ya zamani ya utomvu huonekana kama ukungu wa kijani uliotanda juu ya picha yote. Sehemu iliyopakwa rangi upya juu ya vanishi huonekana kama doa jeusi. Ukiona madoa hayo meusi kwenye mnara, nitataka sana kujua, kwa sababu huenda mnara uliongezwa na mkono mwingine. Usitazame mwanga wa tochi hiyo moja kwa moja.

Na sasa nyuma ya picha, ambako ndiko ninakokuomba uwe mkali kuliko pengine popote. Ile karatasi kuukuu ambayo mwenye duka anataka ibanduliwe inaweza kuwa ndiyo hati ya kuzaliwa ya picha. Chini yake kunaweza kuwepo mhuri wa aliyeuza turubai; wauzaji wa London kama Winsor & Newton walikuwa wakipiga mihuri nyuma ya turubai zao ikiwa na jina na anwani, na anwani ikibadilika mwaka unajulikana. Kunaweza kuwepo mwandiko wa babu, bei kwa rupia au kwa shilingi, au jina la duka. Hilo la bei si dogo: fedha ya Zanzibar ilikuwa rupia hadi katikati ya miaka ya 1930, ndipo ikaja shilingi. Hata misumari inazungumza, kwani turubai lililopigiwa misumari midogo ya kichwa bapa, yenye kutu iliyokula mbao, ni la zamani kuliko lililopigiwa pini za stepla, zilizoenea katikati ya karne ya 20. Mtu akikubadilishia kiunzi na kutupa karatasi, atakurudishia picha safi isiyo na ukoo.

Kwa hiyo fanya kazi ya kuandika kabla ya kazi ya kusafisha. Piga picha kwa simu yako uso mzima wa picha kivulini mchana, kisha pembe zote nne, kisha saini. Usiku, laza tochi ya kawaida ubavuni mwa picha ili mwanga upite juu yake kama jua la magharibi juu ya mchanga, na upige tena. Hapo magamba na mawimbi yatajidhihirisha yote, na ukirudia baada ya miezi mitatu utajua kama yanaongezeka. Nyuma usiipige sasa, kwa kuwa kuigeuza kutaangusha rangi. Subiri mpaka magamba yashikizwe, au kama mna watu wawili wenye mikono tulivu, inyanyueni ikiwa imelala, na wa tatu achungulie na apige kutoka chini. Katika siku hizo za kusubiri kaa na shangazi, umwashie kinasa sauti cha simu, umwulize babu aliipata picha kwa nani, ilitundikwa wapi kwanza, na kama kuna aliyewahi kuigusa kwa brashi.

Njia zilizo mbele yenu ni hizi, nami nizipime kwa haki. Mnaweza kuikausha, kuilinda na kuiacha na uchafu wake bila kuisafisha kabisa. Itabaki na manjano ya vanishi na tumbo kidogo, lakini haitapoteza kitu. Kwa picha nyingi za nyumbani njia hiyo inatosha, na isingekuwa magamba ningeishia hapo. Njia ya pili ni mhifadhi wa picha za rangi aje kuishikiza rangi iliyoinuka tu, bila kusafisha, na hii ndiyo ninayowashauri. Ni kazi ya gundi nyembamba na brashi ndogo, ya saa nyingi. Ya tatu ni matengenezo kamili ya kuondoa vanishi, kunyoosha turubai na kujaza palipopotea. Hugharimu pesa nyingi, na kwa picha ambayo mchoraji wake bado hajulikani inaweza kuzidi bei ya picha yenyewe sokoni. Wahifadhi wa fani hii ni wachache katika ukanda wetu, hivyo anzeni kwa kuuliza Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, na muipeleke picha ya simu, si picha yenyewe, hadi waseme. Nyaraka za Taifa za Zanzibar, zilizoko Kilimani, nazo ni mahali pa kulinganisha kituo chenu na picha za kamera za reli ile, hususan umbo la jengo la kituo na mahali lilipokaa kwa ngome.

Kuna mambo yasiyosubiri majibu ya barua. Magamba yakienea nje ya moshi, ukiona unga wa mbao au vijia vya udongo wa mchwa kwenye kiunzi, turubai likichanika, au kuvu ikirudi baada ya kukaushwa, tafuta mtu aje kuiona kwa macho. Na mtu yeyote asipige msasa wala kukwangua rangi hiyo, kwa sababu rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi ndani yake, na vumbi lake ni sumu.

Kuhusu mjomba, sitawaamulia. Kuuza si dhambi, na familia ina mahitaji yake. Nasema mawili tu. Ikiwa mirathi ya babu haijagawanywa, picha hiyo ni ya warithi wote, akiwemo shangazi, na mmoja hawezi kuiuza kwa kauli yake. Hilo mliweke sawa kwa Kadhi au kwa kikao cha familia kwanza. Na kama mtauza, uzeni ikiwa kama ilivyo, na karatasi yake ya nyuma, bila kusafisha. Mnunuzi mwenye nia njema hatapungukiwa na kitu kwa kuipokea na vumbi lake, nanyi hamtabeba lawama ya kilichoharibika katika usafishaji.

Mkiibakisha, isirudi ukuta ule. Ukuta wa nje wa nyumba ya Malindi hunywa mvua na upepo wa bahari, na kama umepigwa plasta ya saruji juu ya chokaa ya zamani, unyevu hauna pa kutokea ila ndani ya chumba, nyuma ya picha. Chagua ukuta wa kati, unaogawa chumba na chumba, usioelekea dirisha la jua wala mlango wa jikoni wala bomba la maji. Gundisha vipande vinne vya kizibo au mbao, vyenye unene wa vidole viwili, kwenye pembe za nyuma za fremu, si za turubai, ili hewa ipite baina ya picha na ukuta. Nunua kipimaunyevu kidogo ukitundike kando yake. Kabla ya masika yajayo, panda juu uikague dari mwenyewe, na mpaka fundi aizibe, acha picha ilale chumba cha chini, uso juu, na bahasha ya vipande vyake iwe imefungwa kwenye fremu kwa uzi.